Jeli Iliyokataa Kuumuka

Simu ya Mbula ilimkuta Mutanu mikono yote miwili ikiwa ndani ya beseni, kwa hiyo aliiacha ilie. Ikakatika, ikalia tena. Akavua glovu, akanawa, akaipokea.

"Ghala limeungua," Mbula alisema. Hakusalimu. "Lote. Nyasi zimeisha. Na ile dawa yako ilikuwa imepakwa ukuta mzima."

Mutanu aliketi juu ya jerikani iliyokuwa karibu. Karakana yake ndogo ilikuwa nyuma ya soko la Kibwezi, na malori ya barabara ya Mombasa yalikuwa yakinguruma kama kawaida.

"Kuna mtu ameumia?"

"Kalekye ameungua mikono akitoa mbuzi wake. Yuko hospitali Mwingi. Atapona. Lakini ulituambia haitashika moto, Mutanu. Ulisimama mbele yetu ukasema."

Mbula alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wafugaji huko Tseikuru, juu kabisa kaskazini mwa Kitui. Mvua ilipokuwa nzuri walikata nyasi, wakazifunga marobota na kuzijaza katika ghala la fito lililoezekwa kwa nyasi, wakingoja kiangazi. Jirani mmoja alikuwa akichoma vichaka shambani kwake mchana, upepo ukageuka. Ghala lililopakwa jeli ya kuzuia moto liliungua kama lisilopakwa kitu.

Jeli hiyo ndiyo iliyomtoa Mutanu kwenye kazi ya kufundisha kemia Kathonzweni. Ilikuwa na vitu vitatu tu. Cha kwanza ni silikati, majimaji mazito kama asali ambayo watengeneza sabuni wanayajua vizuri. Cha pili ni unga wa polima, wa jamii ile inayonyonya maji na kuvimba ndani ya nepi za watoto. Cha tatu ni maji. Moto ukiigusa, maji yaliyofungwa ndani hugeuka mvuke, silikati ikaumuka kama andazi kwenye mafuta na kuwa povu gumu jeupe ambalo joto halipenyi kwa urahisi.

Kazi ilikuwa kwenye vipimo. Silikati ikizidi, jeli huwa ngumu, na jua la Ukambani likiipiga hupasuka na kubanduka kama rangi ya zamani. Polima ikizidi, hubaki laini na kung'ang'ania ukuta vizuri, lakini maji yake yakishakauka polima yenyewe huwaka. Maji yakizidi, yote hutiririka hadi chini. Mutanu alikuwa amechoma fito kwa miaka kabla ya kupata mchanganyiko aliouamini, na aliuamini kabisa.

Kwa hiyo jambo la kwanza lililomjia baada ya kukata simu halikuwa kwamba amekosea. Lilikuwa: nani ameuharibu?

Jeli iliyokwisha kuchanganywa ni nzito, sehemu kubwa ikiwa maji, na kuisafirisha kutoka Makueni hadi Tseikuru ni hasara. Ndiyo maana alikuwa akituma silikati kwenye mapipa na unga kwenye magunia, na mchanganyiko ukafanywa huko huko. Aliyefanya kazi hiyo ni Abubakar, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi mjini Mwingi. Walikuwa washirika tangu siku ya maonyesho ya kilimo alipokuja kwenye meza yake na kuuliza maswali mengi kuliko wahandisi wote waliopita hapo. Alimwita dada Mutanu, naye alimwita kaka.

Akakumbuka kwamba Abubakar alikuwa amempigia siku ile ya kupaka ghala. "Dada, hii kitu inashika madonge. Iko kama maziwa yamelala." Yeye alikuwa kwenye harusi, kwaya inaimba, hakusikia vizuri. Alimwambia akoroge zaidi na kuongeza maji kidogo. Sasa, akiwa ameketi juu ya jerikani, simu ile ilianza kuonekana kwa sura nyingine. Labda mtu anayejua kwamba ameharibu kitu hupiga simu mapema ili baadaye aseme, si nilikwambia.

Kesho yake alipita njia ya Mutomo na Kitui hadi Mwingi, bila kumwarifu Abubakar kwamba anakuja.

Dukani hakumkuta. Alikuta dada yake, Ummi, nyuma ya duka, ambako alikuwa akipika sabuni ya mche. Ummi alimkaribisha kwa furaha, akamtolea kiti. Mutanu hakuketi. Alikuwa akitazama pipa la buluu lililokuwa pembeni ya sufuria, ambamo Ummi alikuwa akichota silikati kwa kopo. Kwenye ubavu wa pipa kulikuwa na alama ya rangi nyekundu. Alama ile aliipaka yeye mwenyewe, Kibwezi, kwenye kila pipa la silikati.

"Hili pipa limetoka wapi?"

"Kaka alinipa," Ummi alisema. "Nikuwekee chai?"

Mutanu aliinywa chai ile haraka hadi ikamuunguza ulimi. Hakuuliza swali lingine. Alikuwa na hakika kwamba akiuliza, Ummi atapiga simu kabla yeye hajafika barabarani, na hadithi itakuwa imepangwa vizuri kabla hajamwona Abubakar. Akaaga, akaendelea na safari.

Tseikuru, kona moja tu ya ghala ndiyo iliyokuwa imesimama. Mutanu alichuchumaa, akakwangua ukuta kwa kisu. Alitarajia kukuta povu, gamba jeupe lenye matundu kama mkate. Alikuta vumbi jeupe, kama chaki iliyopondwa, na vigamba vyembamba vilivyojikunja. Hakuna kilichoumuka. Silikati nzima haiwezi kuwa hivi, aliwaza. Hii imepunguzwa. Mtu amechota nusu, akajaza maji.

Alianza kutia vigamba kwenye mfuko wa plastiki. Kivuli kikamwangukia.

"Unaokota nini?" Mbula aliuliza.

"Nataka kupima, mwaitu," Mutanu alisema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Kupima au kuficha?" Mbula alikuwa mwanamke mrefu, umri wa mamake Mutanu, na alizungumza polepole. Alinyoosha mkono, akachukua mfuko, akamwaga nusu kwenye pembe ya leso yake na kuifunga fundo. "Nusu inabaki hapa."

Walikutana na wanakikundi kwenye uwanja wa kanisa. Wanawake walikuwa wameketi chini, waume wachache wamesimama nyuma. Mzee wa kanisa, Nzau, ndiye aliyeongoza, na baada ya maombi hakuzunguka.

"Mwalimu, tuambie. Hii dawa ni ya kweli au ni ya kutudanganya?"

"Ni ya kweli."

"Basi ghala letu limeungua kwa nini?"

Mutanu alitazama nyuso zile. Walikuwa wakimtazama kama watu wanavyomtazama mchuuzi aliyerudi sokoni ambako mizani yake ilishashukiwa. Alijua kwamba neno atakalosema ndilo litakaloamua kama ataondoka hapo kama mwizi. Angeweza kusema hajui bado. Angeweza kuomba siku chache.

"Dawa niliyotuma siyo iliyopakwa hapa," alisema. "Mimi sikuchanganya. Muulizeni aliyechanganya."

Minong'ono ikaanza pande zote. Yule wa Mwingi. Yule wa lori la kijani. Mimi sikuwahi kumwamini. Mwanamke mmoja alisema alimwona akimwaga kitu kichakani. Mwingine akasema watu wa dini ile hawawezi kuwatakia mema watu wa kanisa, na Mutanu akafungua mdomo kumkatiza, kisha akaufunga. Nzau alinyamazisha watu, lakini hakumkemea yule mwanamke.

Siku ya soko iliyofuata, lori la Abubakar lilizuiwa njiani kabla ya kuingia Tseikuru. Mabati na misumari vilishushwa na kutupwa mtaroni, kioo cha mbele kikavunjwa kwa jiwe. Abubakar mwenyewe alipata jeraha juu ya jicho, si kubwa. Alimpigia Mutanu alasiri hiyo hiyo.

"Ulisema nini huko?"

"Nilisema nilichoona."

"Uliona nini?"

"Pipa langu. Kwa Ummi. Anachota silikati yangu anapika sabuni."

"Lilikuwa tupu," Abubakar alisema. "Nilimpa pipa tupu, akatia silikati yake. Anainunua Nairobi, muulize. Mbona hukuniuliza, Mutanu?" Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuacha kumwita dada.

"Ungesema nini?"

"Ningesema lilikuwa tupu."

"Ndiyo maana sikuuliza."

"Haya. Basi na mimi nikuulize." Sauti yake ilikuwa ya chini, bila hasira, na hilo lilimtisha zaidi. "Wewe ndiye ulitengeneza. Mbona ulikimbia kusema jina langu kabla hujapima kitu chochote? Ulikuwa unaogopa kupima?"

Swali hilo lilikaa naye siku nzima, kisha likageuka kuwa hamu. Angepima. Angepima mbele ya shahidi, na Abubakar angenyamaza. Huko Tseikuru kulikuwa kumebaki pipa moja la mzigo ule ule pamoja na nusu gunia la unga, nyumbani kwa Mbula. Alimwomba aviweke kwenye gari linalokuja upande wa Makueni.

"Pipa haliendi peke yake," Mbula alijibu.

Alikuja nalo mwenyewe. Alifika Kibwezi ameketi nyuma ya pikapu, mkono mmoja juu ya mfuniko wa pipa, na miguuni ameweka jerikani ya njano yenye maji aliyoyateka kwenye kisima chao cha pampu ya sola. Mutanu alimkaribisha maji ya kunywa. Mbula alikataa kwa upole. Alikuwa amebeba ya kwao, alisema, maji ya watu humsumbua tumbo.

Walianza na pipa. Mutanu alimimina silikati kwenye chupa ndefu ya kupimia na kutumbukiza kipimo cha uzito wa majimaji, kijiti cha kioo chenye mistari. Kama silikati imeongezwa maji, kijiti kingezama. Hakikuzama. Alikitoa, akakifuta, akakirudisha. Kikasimama palepale kinapotakiwa.

"Inasema nini?" Mbula aliuliza.

"Inasema ni nzima."

"Kwa hiyo yule mtu hakuiba."

"Si hii. Labda zile zingine." Lakini alipolitazama pipa alijua kwamba anatafuta njia. Akageukia unga. Akaupima, akachanganya kama alivyochanganya mamia ya mara: maji kutoka tangi lake la mvua, unga ukinyunyizwa polepole, silikati mwishoni. Jeli ikatoka laini, yenye kupitisha mwanga, ikining'inia kwenye kijiti bila kudondoka. Akaipaka kwenye fito, wakaiacha juani hadi ikakamata. Kisha akawasha kichomeo cha gesi. Moto ulipogusa, jeli ilichemka, ikavimba, ikawa povu jeupe lenye unene wa kiganja. Alipolibandua kwa kisu, fito chini yake zilikuwa na rangi yake ya asili.

Hakufurahi. Kila kitu kilichotoka Tseikuru kilikuwa kizima. Kama silikati ni nzima na unga ni mzima, basi mtu hakuharibu kitu, na ghala limeungua.

Mbula naye hakufurahi, kwa sababu yake mwenyewe. Alikuwa amesimama karibu na tangi, akiligonga kwa kidole.

"Humu ndani umetia nini?"

"Hakuna, mwaitu. Ni mvua tu, kutoka kwa bati hili."

"Mimi sijui. Naona tu ukija kwetu dawa inakataa, ukiwa kwako inakubali." Aliinua jerikani yake ya njano na kuiweka mezani kwa kishindo. "Changanya na haya. Haya nayajua."

Mutanu alichukua beseni lingine ili amridhishe. Maji, kisha unga. Mara moja aliona kwamba unga hauvimbi inavyopaswa. Ulitulia chini kama mchanga uliolowa. Alipomimina silikati, beseni lote liligeuka jeupe, yakatokea madonge, mengine yakizama, mengine yakielea kwenye maji mepesi.

Kama maziwa yamelala.

Alikoroga. Aliongeza maji kidogo, kama alivyomwagiza Abubakar kutoka kwenye kelele za harusi, na kila tone liliongeza madonge. Alipaka kile kilichoshika kwenye fito. Jua lilikikausha kikawa chaki. Alipowasha kichomeo, fito zilishika moto mara moja na vigamba vikajikunja na kuanguka.

Mbula alifungua fundo la leso yake. Aliweka vile vigamba vya Tseikuru kando ya hivi vipya. Vilifanana.

"Ni maji," Mutanu alisema. "Maji ya kisima chenu yana chokaa na magnesi nyingi. Chokaa inaikamata silikati kabla haijatulia ndani ya jeli, na inaubana unga usivimbe. Kinachobaki hakina maji ya kutoa mvuke."

"Juzi ilikuwa Abubakar," Mbula alisema. "Leo ni kisima chetu. Kesho itakuwa nani?"

"Ni mimi. Maji ni sehemu ya mchanganyiko kama vile vingine. Nilipima kila kitu nikasema tu 'weka maji', kwa sababu hapa kwangu maji ni ya mvua. Na aliponiambia inaganda, nilimwambia akoroge."

Mbula alimtazama kwa muda, kana kwamba anatafuta ujanja uliojificha katika maneno hayo pia. "Basi utakuja kusema hivyo," alisema. "Pale pale uliposemea yale mengine."

Mutanu alienda Tseikuru Jumapili, baada ya ibada. Alibeba mabeseni mawili, akachanganya moja kwa maji ya mvua na jingine kwa maji ya kisima, watu wote wakitazama. Alisema Abubakar hakuiba, hakupunguza, na kwamba alikuwa ameuliza akapewa jibu baya. Alisema jina lake kamili, kwa sauti.

Watu walitazama mabeseni. Wengine walitikisa vichwa. Nzau alishika kidevu.

"Mwalimu," alisema, "mwanzo ulituambia tumuulize yeye. Sasa unatuambia hana kosa. Mmeelewana huko njiani?"

"Hata hatujaongea tangu nipime."

"Ndivyo utakavyosema kama mmeelewana."

Mbula alisimama akasema maji yalikuwa yake na alitazama kwa macho yake. Nyuma, mtu akauliza kwa sauti ya kutosha kusikika ni nani aliyempa Mbula chakula na mahali pa kulala huko Kibwezi. Mbula aligeuka kumtafuta aliyesema. Hakuna aliyejitokeza. Aliketi.

Njiani kurudi alisimama Mwingi. Ummi alikuwa akikata miche ya sabuni. Aliitikia salamu, akaendelea kukata. Hakutaja chai. Abubakar alikuwa ndani, plasta juu ya nyusi.

"Nimewaambia," Mutanu alisema. "Wote. Mbele ya kanisa."

"Wameamini?"

"Baadhi."

"Basi hao baadhi watanunua misumari kwangu." Alipanga makopo ya rangi ambayo tayari yalikuwa yamepangika. "Unajua kitu kimoja kinanisumbua? Si lori. Lori litapata kioo. Ulikunywa chai kwa dada yangu ukiwa tayari umeniita mwizi kichwani. Yeye anaongea na wewe vizuri, na wewe unahesabu makosa yetu."

"Nisamehe, kaka."

"Nimesikia." Aligeuza kopo moja, akaongeza, "Ukihitaji vifaa utauziwa hapa kama mteja yeyote. Kuchanganya, sichanganyi tena. Sitaki kusimama karibu na kitu chako kikiungua."

Mutanu alirudi kwenye mabeseni. Maji ya mvua yasingetosha Tseikuru, kwa hiyo ilibidi yale ya kisima yafanyiwe kazi kwanza. Alitia magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe, na chokaa ikashuka chini kama unga mweupe. Lakini magadi yaliacha chumvi yake ndani ya maji na polima haikuvimba vya kutosha. Aliongeza polima, jeli ikapendeza, kisha ilipokauka ikaungua. Akaipunguza, akachanganya maji ya magadi na ya mvua kutoka paa la kanisa, akaongeza silikati kidogo, ikapasuka juani. Akairudisha nyuma kidogo. Fito ziliungua kwa wingi uani kwake hadi majirani wakalalamika moshi. Safari hii aliandika kwanza maji yametoka wapi, kabla ya kitu kingine.

Alipopeleka mchanganyiko mpya, Mbula hakukubali upakwe kwenye ghala. Alijenga ukuta mdogo wa fito mahali pasipo na kivuli, akaupaka mwenyewe kwa maji aliyoyatayarisha mwenyewe, akauacha kiangazi kizima ukipigwa na jua na kukwaruzwa na mbuzi. Mutanu alimpigia mara kadhaa kuuliza hali ya ukuta. Jibu lilikuwa lile lile: bado tunauangalia.

Siku ya kuuchoma, Mbula ndiye aliyewasha kiberiti. Walikuwa wamerundika kuni upande mmoja hadi juu. Nzau alikuja. Lori la kijani lilisimama barabarani, likakaa hapo injini ikiwaka, na Mutanu alimwona Abubakar ndani, mkono nje ya dirisha. Hakushuka.

Moto ulipanda. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha ukuta ulianza kuchemka. Povu likatoka kwenye mianya ya fito, likaenea, likaufunika ukuta wote. Kuni ziliungua hadi zikaanguka kuwa makaa, na ukuta ulikuwa umesimama.

Kalekye, aliyekuwa ametoka hospitali zamani, alizunguka upande wa pili. Ngozi ya mikono yake ilikuwa ya waridi na yenye kung'aa. Aliweka kiganja kwenye fito, akakiondoa, akakirudisha.

"Iko na joto," alisema. "Lakini nimeshika."

Mutanu aligeuka kutazama barabarani. Lori lilikuwa limeondoka, vumbi lake lilikuwa bado angani.

"Sasa tutapaka ghala?" alimuuliza Mbula.

"Tutapaka moja." Mbula alikuwa akikanyaga makaa yaliyotawanyika, moja baada ya jingine. "Tunajenga mawili. Nyasi nusu zitakaa kwa dawa yako. Nusu zitakaa kule ng'ambo ya korongo, mbali na kila mtu."

Aliwaita wanawake wengine, wakachukua majembe, wakaanza kushuka kuelekea korongoni kutafuta mahali.